Dawa ya Chumbani kwa Asnake

Asnake alipofariki, kasisi alikataa kumsomea sala ya wafu. Alikuwa mlinzi wa ghala la chama cha wakulima wa ngano, huko nyanda za juu za Arsi, na alilala katika chumba kidogo kilichoshikana na ghala lenyewe. Asubuhi walimkuta kitandani ametokwa na povu, mboni zimesinyaa kama tundu la sindano. Daktari akasema mboni za namna hiyo si za moshi wa mkaa, ni za sumu ya kuulia wadudu. Wakala aliyekiletea chama dawa ya wadudu akaapa kwamba dawa yake haipandi hewani. Haimdhuru mtu mpaka ainywe. Basi watu wakamalizia wenyewe: Asnake amejiua. Na kwetu aliyejiua hasomewi.

Dada yake, Yeshimebet, nilikuwa nikifanya naye kazi maabarani, Addis Ababa. Alirudi kutoka msibani amevaa nyeusi, akatoa chupa mkobani.

"Hii nimeichota kwenye debe lililokuwa likivuja nyuma ya kitanda chake," alisema. "Nataka tuipime kanieneo ya mvuke."

"Yeshi, niachie mimi hiyo kazi. Wewe bado uko kwenye msiba."

"Nikakae nyumbani nifanye nini? Waje kunitazama usoni?"

Tukaanza. Kupima kanieneo ya mvuke ni kutafuta dawa inasukuma mvuke wake hewani kwa nguvu kiasi gani. Dawa yenye nguvu ndogo kama ile haionekani kwenye kipimo cha kawaida, kwa hiyo tuliiweka ndani ya mrija wa kioo, tukauzamisha mrija kwenye maji ya joto tulilolitaka, tukapitisha hewa kavu juu ya dawa, polepole, mpaka hewa ishibe. Upande wa pili tulitega baridi kali ya kunasa kila ilichobeba hewa, kisha tukakipima.

Kwanza tuliweka maji kwenye baridi ya usiku wa Arsi. Kilichonaswa kilikuwa kidogo mno. Yeshimebet alikitazama, akavuta kiti akakaa.

"Kwa hiki mtu ataumwa kichwa tu," alisema. "Wakala atatucheka."

"Chumba kilikuwa na baridi hivyo kweli?"

Aliizungusha chupa mezani.

"Mama alikuwa anampelekea jiko la mkaa kila jioni," alisema. "Kifua kilikuwa kinambana."

"Basi tupandishe joto."

Hakuinuka. Nilipandisha mimi. Safari hii hewa ilibeba mara nane ya ile ya kwanza. Tulibadilisha mwendo wa hewa, tukarudia, jibu likabaki palepale. Katika chumba kile, mlango umefungwa, ilitosha kumuua aliyelala. Yeshimebet aliandika matokeo kwa mkono uliotulia, halafu akaenda kunawa, na maji yakawa yanamwagika bombani muda mrefu.

Tulipokuwa njiani kwenda kwao aliniambia, "Kasisi tumweleze yote. Mama tumwambie mvuke tu. Habari za joto tuziache."

"Akiuliza?"

"Hatauliza."

Mama Tiruwerk alitusikiliza huku anakaanga kahawa.

"Kwa hiyo hakunywa," alisema.

"Hakunywa, mama. Aliivuta usingizini."

Alijifunika uso kwa shuka lake jeupe, akalia bila sauti. Alipojifunua alisema, "Mlinzi aliyemtangulia alilala humo miaka, na debe lilikuwepo. Mbona yule hakufa?"

Yeshimebet akanitazama mimi.

"Yule hakuwa na mtu wa kumpelekea jiko," mama alijijibu. "Samli ikikaa karibu na moto inanukia nyumba nzima. Mlidhani sitajua?"

"Mama, aliyeweka debe pale si wewe."

"Najua."

"Na aliyesema haipandi hewani si wewe."

"Najua, mwanangu. Lakini mikono iliyobeba jiko nimpe nani?"

Yeshimebet alimsogelea, akaishika ile mikono, na kahawa ikaungua kikaangoni bila mtu kuigusa.

Kasisi aliisoma karatasi yetu, akauliza maswali mawili matatu, akakubali. Chama kilizihamisha dawa zote. Wakala hakuonekana tena. Siku ya arobaini Asnake alisomewa kama anavyosomewa mtu yeyote. Walionong'ona kwamba alijiua walikuja kula, wakamsifu marehemu, na Yeshimebet akawapakulia. Mama Tiruwerk alikaa katikati ya wanawake wenzake, anapokea pole. Kila aliyemwambia, "Mungu ameonyesha ukweli," alimjibu, "Amina," halafu akainamisha kichwa.