Nimeipa Barabara Mgongo

…na huo mnyororo wao tena, unaburutwa kwenye kokoto kwara kwara kwara, mzungu anapima barabara kama Mhindi anayepima kitambaa, kapima upana, kapima urefu, kapima hata alama za magurudumu zilizokwisha kukauka, na mimi niko hapa nyuma ya ua wa Bathsheba nimeipa barabara mgongo, uso kwenye migomba, kwa sababu mkwe wangu Machogu amesimamishwa pale kati na askari, na mwanamke wa Kigusii haangaliani na mume wa binti yake, hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu, akipita huku wewe pita kule, mkikutana njiani geuzeni nyuso, hata kama nyumba inaungua, basi kesi yote naisikia kwa kisogo kama kuku aliyefungwa miguu sokoni, na macho yangu leo ni Persis, jirani nisiyeweza kumwazima hata jembe bovu, nimemnong'oneza, "Sasa wanafanya nini?" naye, huku anatafuna muwa, "Mzungu amepiga magoti, dada, mzungu mzima kwenye vumbi, anachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu," vijiti! mzee Nyangau wa kanisa la Sabato amelala hospitali mjini mguu umening'inizwa, lori alilokuwa anaendesha Machogu liliacha barabara siku ya soko likamfuata mpaka mtaroni, alikotumbukia akikimbia, na huyu anapanda vijiti kama anayeotesha maharagwe… nyamaza, karani anasema, ndiye Shueib, kijana wa mjini, Kiswahili chake kimepigwa pasi kama kaptura yake, "Wazee, bwana anasema amezunguka wilaya nzima akichunguza mahali magari yanapoanguka, penye kona anaelewa, penye daraja anaelewa, penye matope anaelewa, lakini hapa barabara imenyooka, jua lilikuwa linawaka, ng'ombe hakuwepo, breki zimekaguliwa ni nzima, sasa gari liliacha njia kwa nini?" askari anakohoa, halafu nani kama si Onyancha, mdomo kama ngoma ya harusi, "Ulevi, bwana! Dereva gani hanywi?" watu wanacheka, wanacheka mguu wa mwenzao, na mimi kwenye migomba yangu natabasamu, kwa nini nisitabasamu, huyu Machogu alikuja kuposa na kofia ya vitani kichwani utadhani alimshika Hitila kwa mkono wake, akaleta ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika, mmoja pembe imevunjika, akanichukulia Kemuma wangu mwenye mikono ya kulima, akamweka Keroka kando ya barabara ale mkate, shamba langu la wimbi likamezwa na magugu, sasa afungwe, afungwe tu, Kemuma arudi nyumbani ashike jembe, nami nitakaa mlangoni nimtazame akilima, niseme nilisema… lakini ulevi, hapana, hilo ndilo linaniwasha, nimemtafutia harufu ya pombe miaka yote hii, nimeuliza kila jiko linalopika pombe, nimeuliza mpaka huko Ekerenyo, mtu huyu hajawahi kushika mrija wa pombe na wazee, anakunywa chai kama mwalimu, ni kasoro yake nyingine… "Machogu," sauti ya Shueib imeshuka, imekuwa ya mtu anayembembeleza punda, "bwana anasema kama ni pombe ni jela, na leseni inakwenda, hutaendesha tena, sema basi, ndugu yangu, ilikuwaje?" na mkwe wangu anajibu, sauti yake naijua kwa kupitia kuta tu, "Nilikosea." "Ulikosea nini?" "Nilikosea tu." mpumbavu! Persis ananidukua ubavuni, "Binti yako analia mpaka mtoto mgongoni ameamka," halafu, nyoka huyu, "si hata wewe siku ile ulipita hapa na ndizi?" "Nilipita, kwani barabara ni ya mama yako?" naye anarudi kwenye muwa wake, na mimi namwona tena Machogu wa siku ile… siwezi kutomwona, nilikuwa natoka shambani na mkungu kichwani, lori likatokea mbele linang'aa, na nyuma ya kioo uso wake, uso wa mume wa Kemuma, mara yangu ya kwanza kuuona mchana kweupe, ningejificha wapi mimi, kushoto mtaro, kulia miiba, kichwani mkungu, naye akaniona, nusu ya kupepesa jicho, kisha nikaona sikio lake, sikio tu, alikuwa ameugeuza uso wote pembeni kama kijana aliyelelewa na watu, mikono bado kwenye usukani, na lori likafuata uso wake… kwa hiyo anajua, amesimama pale anajua, na hasemi, maana akisema nilikutana na mama mkwe ni kama kunitazama mara ya pili mbele ya wazee na mzungu na vijiti, afadhali jela, ala! nani amewahi kunifanyia hivyo mimi, marehemu Nyasani mume wangu alinigeuzia uso kweli, lakini kwa wake wadogo, wanangu wa kiume wananipita sokoni kama mti wa ua, na huyu, huyu wa ng'ombe wa mbavu, amepindua lori zima la tajiri wake Warsame asinikosee heshima, na watu wanaiita pombe! heshima yangu inapimwa kwa mnyororo, inachomekwa vijiti, halafu Onyancha anaiita pombe, Onyancha ambaye alitapika kwenye matanga ya babake! na huyu mzungu na uchunguzi wake, anashangaa ajali kuwa nyingi siku za soko, baba, madereva wote wameoa kando ya barabara, ndiko wasichana wanakokimbilia lori, na siku ya soko mama zao wote wako njiani na vikapu, basi atuchomekee kila mmoja wetu kijiti chekundu kichwani… nisimame? nisimame niseme? haiwezekani, nikigeuka tu nimemwona, na alichokilinda kwa mguu wa Nyangau nimekivunja kwa shingo yangu mwenyewe, jela yake itakuwa ya bure… kwara kwara, wanaukunja sasa? "Wanaukunja?" "Bado," anasema Persis, "wanarudia kupima, nambari zimekataa," nambari zikatae tu, kuna mkono mrefu kuliko mnyororo huo, umekaa hapa unatafuna muwa, jambo likiingia sikio la Persis linatokea mdomoni kabla halijapoa, litaruka ua, litamfikia Bathsheba, Bathsheba atampa Onyancha, Onyancha hawezi kulibeba bila kupiga kelele, na Shueib atalitia katika Kiingereza chake, na mimi sitakuwa nimegeuka wala kufungua kinywa mbele ya mtu, na akitoka hapo nitaendelea kumchukia Machogu, tena vizuri, kwa nafasi, ng'ombe wale sijawasahau… mzungu bado amepiga magoti, askari bado anakohoa, mgongo wangu bado uko barabarani, "Persis, dada yangu, tema huo muwa ulete sikio, lakini hili, naapa kwa Mungu, kwa Nyasae, usimwambie mtu…"