Vipande Usoni mwa Mujinga

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, kina namba tu zinazopanda pembeni, na Urbain wa usalama alizikodolea macho kama mtu anayelinda sufuria ya jirani.

— Hizi namba zinaenda wapi?

— Haziende fasi yoyote, chef, mume wangu Abner akajibu. Zinahesabia tu picha.

Mimi nilisimama mlangoni nikimshuku Urbain. Kusema kweli, nilimshuku hata Abner. Ndivyo nilivyo, Mama husema nilizaliwa jicho moja wazi. Lakini vita ilikuwa na miaka minne, Kamina imejaa askari, na kila waya juu ya bati uliitwa redio ya waasi.

Kanda iliyokuwa ikizunguka ilikuwa ya tamthilia ya kanisa letu la Methodisti, iliyorekodiwa kwa ajili ya televisheni kabla ya vita. Dada yangu Mujinga aliigiza mama mwenye nyumba. Vita ilimkuta Kongolo, akafa huko, ng'ambo ya mstari wa mapigano, akazikwa bila sisi. Mama alifunga kitambaa cheusi kichwani, na mwaka ulipoisha akakataa kukifungua.

— Sikumuonaka, alisema. Sitatosha kitambala mpaka nimuone.

Kanda za vipindi vingine zote zilioza kwa ukungu. Hii moja ilikuwa imeanza kubanduka. Abner aliona itazunguka mara moja tu. Akapata kwa rafiki wa Lubumbashi programu ya kubana picha hadi ziingie kwenye diski. Ilikuwa ya bure, na yeyote aliruhusiwa kuifungua aone ilivyotengenezwa. Hiyo bure iliniwasha. Rahisi ni ghali, sembuse bure?

Urbain naye ilimwasha.

— Nani anapanaka kintu bule wakati ya vita? Zima!

— Chef, nikizima, iko mwisho. Kanda haitarudia.

Urbain aliinuka kwa hasira, mguu wake ukanasa waya wa mashine ya kanda. Abner akaruka kuushika. Namba zikasita, kisha zikaendelea kupanda. Urbain akarudi kitini, akasema atangoja, na asipoona mtu kwenye hiyo diski, sote tutaenda naye kambini.

Alimwona mtu. Mujinga alitokea akipepeta unga, akigombana na mume wa kwenye tamthilia, hai kabisa, nami nikalia bila aibu. Ghafla uso wake ukavunjika vipande vya mraba, jicho huku, shavu kule, halafu ukajijenga tena.

— Juu ya nini munamuficha uso? Urbain akauliza.

— Ni mguu yako ile, chef. Uligusa waya.

Hakuamini. Aliona ni alama za siri. Akachukua diski, akachukua na kompyuta. Kanda ilikwisha kukatika ndani ya mashine. Mama aliporudi kutoka shambani nilimwambia hakuna kitu, na alinielewa kabla sijamaliza. Nilimlaani Urbain kwa jina miaka mingi, hata kanisani.

Amani iliporudi, nilimsindikiza Mama kwa treni hadi mji wa Luena, kwenye harusi ya mpwa wake. Tulipopita nyumba ya video karibu na stesheni, Mama alisimama. Sauti ya ndani ilikuwa ikigomba kuhusu unga.

Tuliingia. Mujinga alikuwa ukutani, mkubwa kuliko alivyokuwa. Uso ulipovunjika vipande, watazamaji wakapiga kelele pamoja kama wimbo walioujua. Walipangojea hapo kila mara.

Nikamuuliza mwenye nyumba alikoipata.

— Urbain, ule wa usalama. Alikopiaka, akatupatia. Na ku Kaniama, na ku Bukama. Bule.

— Bule? Alitaka nini?

— Kintu hapana, mama.

Nilitafuta hila ndani ya jibu hilo, sikuipata, na bado sijaacha kuitafuta. Nilipogeuka, kitambaa cheusi kilikuwa mapajani mwa Mama, amekikunja vizuri, na mvi zake zote ziko wazi.

— Nyamaza, Jeannine, akasema. Ninamuona.