Jalada la Kijani la Marehemu Waziri

Marehemu Waziri alianza kazi kama karani wa masjala, na ukarani haukumtoka hata alipopanda gari la bendera. Kila barua ibaki na nakala, kila malipo yawe na stakabadhi. Mkewe alizoea kumtania kwamba hata chafya ataifungulia jalada.

Leo mjane ameketi sakafuni, jalada la kijani mapajani, miwani puani. Jana Tai alimpigia simu kudai pesa, ndiyo maana anapekua. Tai alikuwa katibu wa Waziri, mtu asiyevua tai hata msibani.

Humo mna nakala za barua kumi na moja za Waziri kwa Tai, moja kila mwaka. "Napeleka kiasi ulichotaka, ili habari za binti yangu wa nje zisifike magazetini wala masikioni mwa mke wangu. Tafadhali saini stakabadhi na uirudishe."

Naye Tai, kwa mazoea yale yale ya ofisi, akasaini na kurudisha. Zote zimo.

"Jamani, mume wangu!" Mjane alimjua binti huyo tangu yuko kwenye nepi. Sare zake za shule alimshonea, akampelekea mama mtu kimyakimya, ili mume asione haya. Jumamosi binti anaolewa.

Saa nne Tai akabisha hodi.

"Shemeji, pole na upweke. Wakwe wa binti ni watu wa heshima. Wakisoma gazetini kabla ya Jumamosi..."

"Keti. Chai?"

"Nina haraka kidogo."

"Haraka gani, na miaka yote hiyo ulikuwa na subira?" Akampangia stakabadhi mezani. "Saini hii si yako? Ina mkia kama panya."

Tai akalegeza tai. "Alizitunza?"

"Ulimfungia majalada wewe, humjui? Binti akitoka gazetini, nawe utatoka ukurasa huo huo. Na polisi wanajua kusoma."

Tai akaondoka bila kuaga, kofia yake ikabaki kitini.

Mjane akazirudisha karatasi kwa tarehe, kama mwenyewe angetaka. Hapo ndipo alipolia, kidogo, kwa miaka waliyofichana jambo moja. Kisha akapiga simu.

"Mwanangu, Jumamosi nani anakaa upande wa baba?"

"Hakuna, mama mkubwa."

"Nakaa mimi. Mbele kabisa."

"Watu watauliza."

"Waulize. Nitawajibu."