Kata Simu, Yared

Letisia alikuwa akipima unga wa ugali wa wafanyakazi tembo walipoingia uani. Hoteli ile ndogo ya Mikumi ilikuwa imefungwa msimu wa masika, wenzake wamekwenda kuzika Ruhembe, naye kaachwa aangalie jiko. Akajifungia stoo. Tembo wakanusa unga, wakasukuma kila kilichokuwa mbele yao, hadi simtanki lililojaa maji likaanguka na kuuziba mlango.

Alisukuma mpaka bega likamuuma. Wapi!

Ndani ya kuta zile nene, mtandao wa simu haukushika kabisa. Wi-Fi ya ofisini ndiyo iliyofika, tena kwa kusuasua, na chaji ilikuwa ukingoni. Akampigia mumewe, Yared, aliyekuwa Kilosa, kwa WhatsApp.

"Zima video! Punguza mwanga wa kioo," Yared alisema, sauti ikikatikakatika. "Nampigia Gerald wa kambi ya jirani kwa simu nyingine, aje na pikipiki yake. Usikate, mke wangu. Niko nawe."

Alivyoitamani sauti ile! Giza, joto limemkaba, na nje tembo wakijikuna ukutani hadi vumbi la chokaa linamdondokea kichwani. Lakini kila neno lilikuwa likila chaji.

"Kata simu, Yared. Nazima na Wi-Fi. Kukiwa na jambo nitakupigia."

"Leti, subiri..."

Akakata. Mara kadhaa kidole kilikwenda kuwasha, asikie japo "haloo" moja. Akakirudisha.

Kisha mikwaruzo ikakoma. Akachungulia kwenye tundu la hewa: tembo wamehamia kwenye kona ya barabara ya getini, mtoto wao katikati. Huko huko Gerald angetokea na pikipiki, asiwaone mpaka amewavamia.

Akawasha. Wi-Fi ikatafuta, ikatafuta, ikashika.

"Mwambie Gerald asipite getini! Wako kwenye kona, wana mtoto..."

Simu ikazimika. Hakujua kama amesikika. Akakaa juu ya gunia, hana wa kumuuliza, akitega sikio, akiomba asisikie pikipiki.

Kilichokuja ni ngurumo ya gari, kutoka upande wa nyuma. Gerald alikuwa na askari wa wanyamapori. Wakalifunga simtanki kamba, wakalivuta.

"Pole, dada," Gerald alisema. "Yared alinipata nimeshafika korongoni. Kona ilikuwa mbele yangu tu. Nikageuza pikipiki, nikawafuata askari."

Letisia akaiomba simu yake. Akaketi palepale kwenye tope, akampigia Yared.