Mama Si Friji

Tangu asubuhi Kipanya alikuwa hakai hatulii. Jina hilo alipewa na kaka yake utotoni kwa kukimbiakimbia ndani ya nyumba, kabla hajajua kuwa hata kompyuta ina kipanya chake. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, mtunga programu anayefanyia kazi kwenye meza ya chakula, na siku hiyo alikuwa ameandika mistari minne, akafuta mitano.

Kaka mtu, fundi wa vyombo vya umeme, alikuwa amekuja na gari kumchukua mama yao. Mama alikaa kwa Kipanya miaka mitatu. Sasa magoti yalikuwa yamegoma kupanda ghorofa ya tatu, na kwa kaka hakuna ngazi. Ndugu hao wawili walikubaliana kwa simu, kwa maneno makali, na hawakuongea tena mpaka siku hiyo. Begi la mama lilikuwa mlangoni. Hakuna aliyeligusa.

"Hiyo programu unayoandikia mbona nyeusi kama masizi?" kaka aliuliza.

"Haiumizi macho. Ile mpya wanayoisifu ofisini inakumalizia maneno kabla hujawaza. Ina kiherehere!"

"Kama hizi blenda za vitufe kumi na viwili. Mtu anabonyeza kimoja, vingine vinaungua bure. Washa, zima, basi."

"Birika la umeme ulilotuletea lilikuwa na kitufe kimoja, na likatuzimia umeme nyumba nzima."

"Usinisingizie. Maji yenu yana chumvi."

Kipanya akainuka, akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu. Akaenda dirishani, akarudi. Chumba cha pili tamthilia ya mama ilikuwa ikinguruma kwenye televisheni.

"Huyo daktari anayeongea ndiye aliyekuwa dereva wa tajiri kule mwanzo," kaka akasema.

"Siye. Dereva alikufa."

"Aliyekufa ni pacha wake."

"Kaka, hakuwa na pacha!"

Sauti zikapanda, mishipa ikawatoka shingoni, na wote wawili walijua kwamba anayegombewa si daktari.

Televisheni ikazimwa. Mama akatokea, mkono ukutani, mtandio tayari kichwani.

"Daktari ni shemeji yake dereva. Hamjui kitu. Na mimi si friji, mkae mnanipima kama nitapita mlangoni. Nani kawaambia nahama kwa ajili ya magoti tu?"

Kipanya akamvutia kiti; mama akakisukuma pembeni.

"Naondoka kwa sababu ya huyu." Akamnyooshea Kipanya kidole. "Miaka mitatu hatoki. Kijiko kikianguka, yuko mlangoni kwangu. Mwanangu, unanilinda mpaka nakosa pumzi."



"Nimechoka, mama," Kipanya akasema taratibu. "Lakini sikutaka uondoke."

"Najua. Yote mawili ni kweli."

Kaka akakohoa, akatazama viatu vyake. "Kwenye simu nilikwambia umemfanya mama kisingizio cha kujifungia. Sikupaswa."

"Ulisema kweli kidogo," Kipanya akajibu. "Ndiyo maana iliniuma."

Akalibeba begi. Wakashuka ngazi moja moja, kaka mbele, mama katikati, Kipanya nyuma na mkono wake hewani, tayari kudaka. Mara mbili mama alimwambia aushushe. Mara mbili aliushusha, ukapanda tena wenyewe.

Walipomkalisha kwenye gari, Kipanya akabaki ameshika mlango. Kule juu kompyuta ilikuwa wazi, na kazi ilitakiwa jioni.

"Funga au ingia," mama akasema. "Jua linanichoma."

Akaingia hivyohivyo na kandambili miguuni. Kaka akamtazama kwenye kioo, akawasha gari. Njiani goti la Kipanya lilitikisika kama cherehani. Mama akaliwekea kiganja chake. Halikutulia upesi, naye hakuondoa mkono.