Kabati la Mwalimu Jana

Kila Jumatatu, kipindi cha kwanza, mwalimu wa Kiingereza aliingia darasani, akafuta ubao uliokwisha kufutwa, kisha akauliza swali lake la siku zote: jana ulifanya nini? Wanafunzi walimwita Jana. Walimwita kwa sauti ya chini, maana sauti ya juu ilikuwa na hatari zake.

Somo alilieleza vizuri, tusimdhulumu.

"'Did' ni mpagazi," alisema. "Ameshaubeba mzigo wote wa jana kichwani. Sasa nyie mnamwona kitenzi anapita zake, naye mnamtwisha. 'Did went.' 'Did came.' Mzigo mmoja, wapagazi wawili. Mnawaonea. Na ukishataja jana, usimwite 'have'. 'I have seen him yesterday.' Kaja kufanya nini huyo 'have'? Mfungulie mlango aende kwao."

Darasa lilicheka, kisha likakosea vilevile.

Aliyekosea mara ya kwanza alisahihishwa. Aliyerudia alinyang'anywa sauti. Mwalimu alikuwa na chupa za maabara zenye vizibo vya mpira. Mwanafunzi alisogea, akasema "aaa" kama yuko kwa daktari, na kizibo kikafungwa. Haikuuma. Chupa ilibandikwa jina na kupelekwa ofisini, kwenye kabati la vitu vilivyokamatwa, chini ya rafu ya simu na redio. Mzazi akija, sauti ilirudishwa. Isiyofuatwa hadi muhula uishe ilikuwa mali ya shule. Wazazi waliupitisha utaratibu huo kikaoni bila ubishi. Ni mmoja tu aliyeuliza kama chupa zinaoshwa.

Jumatatu moja aliulizwa msichana waliyemwita Cherehani, kwa kuwa akianza kuongea hasimami mpaka uzi ukatike. Wiki iliyotangulia alikuwa ameshakosea mara moja.

"Yesterday I did went to hospital with my mother," alisema. Jana alikuwa amekwenda hospitali na mama yake.

Jirani yake wa dawati, Kaptula, alifunika uso kwa daftari.

"Wapagazi wangapi hapo?" mwalimu aliuliza.

"Wawili, mwalimu."

"Lete sauti."

Hakuna aliyeuliza walifuata nini hospitali. Walikuwa wamefuata koo la mama. Mama yake Cherehani alikuwa dobi, na hakuwa na sauti. Aliongea kwa mikono na kwa macho, na akikasirika, kwa pasi. Madaktari walishalimulika koo lake mara nyingi wakakuta kila kitu kiko mahali pake, isipokuwa hicho walichokitafuta. Majirani walimsifu kwa upole. Marafiki wa baba walimpongeza baba kwa kupata mke asiyejibu. Mdomo wa nyumba alikuwa Cherehani. Yeye ndiye aliyebisha hodi kwa wateja, aliyejibu salamu, aliyegombana na walioleta shuka zenye matope na kudai zilikuwa safi. Sasa mdomo wa nyumba ulikuwa chupani, baba yuko safarini na lori, na muhula ulikuwa unaisha Ijumaa.

Habari ilipelekwa na Kaptula.

"Shikamoo mama," alisema mlangoni. "Cherehani kakatika uzi."

Mama alimtazama bila kuacha kupiga pasi.

"Kasema 'did went', mama. Mwalimu Jana kamfungia kabatini. Sauti tu, mwenyewe huyu hapa nyuma yangu, mzima, ugali anakula. Mzazi anatakiwa kabla ya Ijumaa."

Pasi ilisimama. Ilisimama juu ya shati jeupe la mteja, mgongoni, na haikuondoka hapo hata moshi ulipoanza kupanda. Cherehani ndiye aliyeinyanyua. Shati lilikuwa na tundu unaloweza kupitisha kichwa. Tangu azaliwe alikuwa hajamwona mama yake akiunguza hata kitambaa cha mkono.

Kesho yake walikwenda. Mama alivaa gauni lililonyooka hadi likawa na makali. Getini hakumwonyesha mlinzi chochote, wala hakusubiri kuelekezwa. Alikata kushoto, akapita nyuma ya maktaba, akafika ofisi ya walimu kwa njia ambayo Cherehani mwenyewe hakuijua.

"Karibu, mama, keti," alisema mwalimu, na kulifungua kabati.

Ndani mlikuwa na mvumo kama wa mzinga wa nyuki. Kila chupa ilikuwa ikisema sentensi yake ya mwisho. Mwalimu aliichukua ya Cherehani, akaitikisa kidogo kama dawa ya maji, akampa. Cherehani alifungua, akavuta pumzi, akakohoa.

"Ahsante, mwalimu," alisema.

Hapo ndipo walipoisikia chupa ya nyuma kabisa, yenye vumbi jingi kuliko zote. "My father did not came home," ilisema. Baba yangu hakurudi nyumbani. Ikanyamaza kidogo, ikasema tena. Ilikuwa sauti ya msichana wa rika la Cherehani, nyembamba, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni.

Mama alishika ukingo wa meza. Midomo yake ilikuwa ikienda sambamba na chupa.

"Huyo ni wa zamani," mwalimu alieleza. "Nilimuuliza jana alifanya nini, akanipa hiyo. Mpaka leo, kila nikifuta vumbi namsahihisha. 'Did not come.' Hasikii."

"Mwalimu, baba yake alikwenda wapi?" Cherehani aliuliza.

Mwalimu alifikiri kwa uaminifu.

"Hilo halikuwa somo," alisema.

"Na mbona sauti haikufuatwa?"

"Nilimwambia amlete baba yake. Hakumleta."

Cherehani alimgeukia mama yake. Aliitazama midomo yake, akaisikiliza chupa. Kisha alisema, "Mwalimu, mwenyewe ndiye huyu."

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma jina kwenye chupa, akamtazama mama, akasoma tena.

"Umekua," alisema, akampa mkono. Mama aliupokea kwa mikono miwili, maana aliyekufundisha amekufundisha.

"Basi mpe sauti yake," alisema Cherehani.

"Mzazi wake yuko wapi?"

"Nitaichukua mimi."

"Wewe ni mwanawe, binti. Mwana hawezi kuwa mzazi wa mamaye. Halafu muhula wake uliisha zamani, hii ni mali ya shule. Nikimpa huyu, kesho watanijaa hapa watu wazima na mvi zao."

Cherehani alikwenda kwa mwalimu mkuu. Huko alisema yote, kuanzia koo lililomulikwa hadi shati lililoungua, bila kuvuta pumzi. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Alimsifu kwa ufasaha wake, na akasikitika kwamba malalamiko yaliyoletwa kwa Kiswahili hayapokelewi.

Aliporudi ofisini alimkuta mama ameishika chupa. Alikuwa akiifuta vumbi kwa kitambaa chake cha kichwa, taratibu, kuizunguka shingo, kama anavyofuta kola. Aliiweka sikioni. Msichana wa ndani alisema baba yake hakurudi nyumbani, na mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha aliirudisha rafuni kwa mkono wake mwenyewe, safari hii mbele, jina likionekana. Mwalimu alimshukuru kwa usafi, akafunga kabati, akakumbuka kumwuliza dobi kama anaweza kumletea makoti yake ya wiki ijayo ayapige pasi.

Makoti aliyaleta, na yalirudi yamenyooka.

Muhula mpya ulipofunguliwa, Jumatatu, kipindi cha kwanza, mwalimu alifuta ubao na kumwuliza Cherehani jana alifanya nini. Darasa lilisubiri. Kaptula alishaanza kuinua daftari.

Cherehani alisimama wima.

"Yesterday I sat with my mother," alisema. "My mother did not speak." Jana alikaa na mama yake, na mama yake hakusema neno.

"Sahihi kabisa," alisema mwalimu, kwa furaha ya kweli. Aliziandika sentensi zote mbili ubaoni kwa mwandiko wake mzuri, akaagiza darasa zima linakili.

"Mwalimu," Kaptula aliuliza, "'mother' inaanza na herufi kubwa au ndogo?"

"Ndogo," alisema mwalimu, na kalamu zikaendelea.