Taya la Shujaa

Walimwita Bi Mswaki kwa sababu aliosha mifupa kwa mswaki. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye kigoda kile kile nyuma ya chumba cha maiti, beseni mbele yake, akisugua udongo kwenye mbavu za watu asiowajua. Bomba lilikuwa likivuja tangu siku aliyoajiriwa. Glovu alipewa jozi moja kwa mwezi, na zikitoboka alizungushia kidole plasta akaendelea.

Wiki hiyo mifupa ya watu saba ilikuwa imefukuliwa katika ua wa gereza la zamani, na serikali ilitaka mmoja wao awe Shujaa, yule aliyepigwa risasi na watawala wa zamani, ambaye picha yake ilining'inia katika kila ofisi. Sanamu ilikuwa tayari, kaburi la marumaru lilikuwa tayari, wageni walikwisha kualikwa. Kilichopungua ni marehemu tu.

Jumanne asubuhi alikuwa akisafisha taya la maiti namba nne pale mswaki uliponasa. Akaligeuza kwenye mwanga. Meno mawili ya mbele yalikuwa na vifereji viwili, vimelika taratibu, laini kabisa. Bi Mswaki akaacha kusugua. Akapekua trei mpaka akapata mfupa wa kidole gumba cha kushoto. Ulikuwa umewahi kupondwa, ukaunga kwa kupinda.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Misumari aliibana menoni, na yeye, binti wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa akimpa mmoja mmoja. Kidole kile baba alikiponda kwa nyundo siku binti alipomchekesha. Askari wa watawala wa zamani walimchukua kwa kosa la kushona viatu vya watu waliokuwa wakisakwa, na habari zake zikakomea hapo. Mama yake alikufa hajui kama yeye ni mke wa mtu au mjane.

Akamwita Profesa, mtaalamu wa mifupa, mtu mpole aliyesoma mpaka nywele zikamkimbia. Profesa akainama na kioo chake cha kukuzia.

"Huyu alikuwa fundi viatu," alisema kabla hajaambiwa lolote. "Amebana misumari kwa meno miaka na miaka. Tena ni mfupi. Shujaa alikuwa mrefu. Huyu siye."

"Ni baba yangu."

Profesa akainua kichwa.

"Tazama kidole gumba," alisema Bi Mswaki. "Na mate yangu haya hapa, chukua upime. Ya jamaa zake Shujaa si mlichukua?"

Profesa akakigeuza kile kidole chini ya kioo. "Nitakuombea kibali, dada yangu. Utamzika mzee wako."

Siku mbili hizo Bi Mswaki alitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alikwisha hata kumwambia mdogo wake atafute pa kuchimba.

Alhamisi akaja Katibu kutoka wizarani, leso puani, kijiti cha meno mdomoni, ametoka kula.

"Profesa, nasikia una mtu mwenye tundu la risasi kichwani."

"Ninaye, mheshimiwa, namba nne, lakini siye."

"Nani kakuuliza kama ndiye? Nimeuliza kama ana tundu."

"Analo. Mafuvu mengine yote yamepondeka. Ila ni mfupi."

"Na hao sita wengine, wote wafupi?" Katibu akapita kwenye meza, akachagua mifupa mirefu ya mapaja kama mtu anayechagua kuni. "Haya. Karefuka. Na hili taya badilisheni, jeneza lina kioo, meno haya yataonekana. Hilo tupeni."

"Mheshimiwa, mimi nitaweka saini yangu kwenye kitu ambacho…"

"Profesa, funika kombe mwanaharamu apite. Ile maabara mpya uliiomba kwa nani?"

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasaini.

"Mheshimiwa," Bi Mswaki alisema, glovu zikimchuruzika maji, "huyo ni mzazi wangu. Naomba nimzike."

Katibu alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mzazi wako atapigiwa mizinga, mama. Atalala kwenye marumaru. Wewe ungemlaza wapi?"

Akachokonoa jino la mwisho, akakiacha kijiti kwenye trei, juu ya mbavu, akatoka. Bi Mswaki akakiokota kijiti kile kilicholowa mate, akakitupa, akazisugua zile mbavu upya.

Taya alilikuta kwenye ndoo nyekundu, pamoja na pamba zenye usaha zinazosubiri kuchomwa. Akalisafisha, akalifunga kwenye kitambaa, akalitia kwenye mfuko wake wa chakula.

Mlinzi wa getini, ambaye siku zote humpitisha kwa salamu, leo alikuwa na amri ya kupekua kila mtu.

Kwenye kibanda cha mlinzi afisa wa polisi alikwisha kuandika nusu ukurasa.

"Lilikuwa kwenye takataka," alisema Bi Mswaki. "Walisema litupwe."

"Takataka gani? Mifupa ya gereza ni mali ya taifa." Afisa akamgeukia Profesa, aliyeitwa kuja kutambua. "Hili ni la nani?"

Nje, jeshi lilikuwa likifanya mazoezi ya mizinga. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Profesa akavua miwani, akaifuta.

"Profesa?"

"La Shujaa," alisema.

"Umesikia, mama? Umeiba taya la Shujaa. Saini hapa."

Afisa akalitumbukiza taya kwenye mfuko wa plastiki, akabandika karatasi yenye jina la Shujaa, kisha akauinua mfuko dirishani.

"Haa! Meno gani haya? Shujaa wetu alikuwa anatafuna misumari?"

Mlinzi akaangua kicheko. Profesa naye, alipoona wanamtazama, akacheka kidogo. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Bi Mswaki, na kidole cha afisa kilikuwa bado kinamwonyesha pa kusaini.